Dada wa Koti Jeupe

Wapendwa, nilikuja na karatasi tatu za mahubiri, hizi hapa, mnaziona. Lakini naomba nizifunike kwanza, niwape mfano. Mfano wenyewe nimeutunga, kwa hiyo msianze kugeuza shingo kumtafuta anayesemwa. Na kama yumo humu ndani dada anayeitwa Sekela, dada yangu, tulia. Si wewe.

Basi huyo Sekela alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, akisoma utabibu katika chuo kimoja cha huku kwetu nyanda za juu, ambako asubuhi mtu akifungua mdomo kukusalimu, moshi unatangulia kabla ya salamu. Alikuwa na akili darasani. Mwaka wa kwanza walikuwa wanafunzi tisini, yeye akatoka wa nne. Na alikuwa na mtoto wa kike, Lugano, aliyemzaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kuanza chuo. Baba wa mtoto aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo sijasikia kwamba ameyapata.

Pale chuoni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba Sekela ana mtoto.

Mnaniuliza ilikuwaje? Ilikuwa hivi. Fomu ya kujiunga ilipokuja, ukurasa wa tatu ulikuwa na swali: je, una mtoto wa chini ya miaka mitano? Pembeni visanduku viwili, ndiyo na hapana. Sekela alikaa na ile fomu siku mbili. Maswali mengine yote aliyajibu kwa mwandiko mzuri, akifika hapo anaweka kalamu chini, anakwenda kumwogesha mtoto, anarudi, swali bado lipo. Akilini mwake aliliona kama mtego wa panya, ukigusa tu, umekwisha. Wangemchukua kweli mwanamke mwenye mtoto mgongoni? Wangesema huyu atasoma saa ngapi? Siku ya tatu, mtoto amelala, akatia alama kwenye hapana. Alama ndogo tu, wapendwa, ya kalamu ya bluu.

Chuo kilikuwa na utaratibu kwamba wanafunzi wote wanakaa bwenini. Lugano akabaki kwa shangazi yake Sekela, dada wa baba yake, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akikaanga maandazi mbele ya nyumba yake mjini, mwendo wa dakika ishirini kutoka chuoni. Vipindi viliisha saa kumi. Geti la chuo lilifungwa saa kumi na mbili. Toa dakika ishirini za kwenda na ishirini za kurudi, mama huyu alibakiwa na saa moja na dakika ishirini za kuwa mama. Kila siku. Wenzake wakimwuliza unakwenda wapi, anasema kwa shangazi, anaumwa miguu, namsaidia kazi. Shangazi wa watu, miguu yake mizima kabisa, akawa mgonjwa wa miaka miwili bila yeye mwenyewe kujua.

Sasa kina mama mliomo humu mnanielewa ninaposema kwamba mwili unaweza kukaa kwenye kiti cha darasa na moyo usiwepo. Simu ikitetemeka mfukoni, anadhani ni shangazi. Mwalimu anaeleza jinsi figo zinavyochuja damu, yeye anawaza kile kikohozi cha jana, kilikuwa kikavu au kilikuwa na makohozi? Shangazi amekumbuka kumvalisha soksi? Kisha akifika kwa mtoto, mambo yanageuka. Lugano anamwonyesha kikombe alichokijaza mchanga, anasema, “Mama, tazama, chai,” naye anasema, “Naona, mwanangu, tamu,” lakini machoni mwake zinapita kurasa za daftari, dalili za homa ya ini, dozi kwa uzito wa mgonjwa. Darasani alikuwa mama, na nyumbani alikuwa mwanafunzi. Alikuwa anachelewa sehemu zote mbili hata akiwa amewahi.

Yupo anayejua ninachosema? Naona vichwa vinatikisika kule kwa akina mama. Akina baba wametulia, lakini nao najua wanasikia.

Mwaka wa pili wanafunzi wakaanza kwenda hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, wakapewa makoti meupe. Siku moja wanatoka wodini, Sekela na wenzake wawili, wamesimama kwenye duka la kutoa fotokopi. Shangazi naye alikuwa ametoka kununua unga, amemshika Lugano mkono. Mtoto akamwona mama yake ng'ambo ya barabara. Mnafikiri mtoto wa miaka mitatu anajua kunyamaza?

“Mama! Mamaaa!”

Barabara nzima ilisikia. Mmoja wa wale wenzake akacheka, akasema, “Sekela, we, yule mtoto anakuita mama?”

Sekela hakuvuka barabara. Akacheka na yeye. Akasema, “Mdogo wangu yule, mtoto wa shangazi. Anaita kila mtu mama, hata muuza mkaa.” Wakacheka wote watatu. Shangazi aliyaona yote kutoka kule upande wa pili, akamvuta mtoto, akaondoka haraka. Na Lugano akawa anageuka nyuma, anageuka nyuma, anashangaa kwa nini mama hakupunga mkono.

Usiku ule Sekela hakulala, lakini hakuwa analia. Alikuwa anapanga. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hofu ikikaa sana ndani ya mtu huanza kumpa ushauri, na ushauri wake unaonekana wa busara.

Kesho yake jioni alifika kwa shangazi na pakiti ya biskuti. Akampakata Lugano, koti jeupe likiwa mkononi.

“Tucheze mchezo,” akasema. Akalivaa koti. “Nikivaa hili, mimi siyo mama. Mimi ni dada. Mimi ni nani?”

“Mama,” akasema Lugano.

“Hapana. Nikiwa na koti, dada. Sema dada.”

“Dada.”

Akapewa biskuti. Koti likavuliwa. “Na sasa?”

“Mama!”

Biskuti nyingine. Koti likavaliwa, likavuliwa, likavaliwa. Mtoto aliufurahia mchezo, anapiga makofi. Jua lilipokuwa linazama, hakuwa anakosea tena. Watoto wana akili, wapendwa. Wanajifunza chochote tunachowafundisha, na hawatuulizi kwanza kama ni kizuri.

Shangazi alikuwa anakanda unga wa kesho. Mwishowe akafuta mikono, akasema, “Mwanangu, unamfundisha nini huyu mtoto?”

“Ni kwa muda tu, shangazi. Umebaki mwaka mmoja. Nikimaliza nitamwambia.”

“Utamwambia nini?”

“Shangazi, wakijua watanifukuza. Nikifukuzwa tutakula nini mimi na yeye? Hivi unadhani nafanya kwa kupenda?”

“Sijasema unapenda,” akajibu shangazi. “Nimekuuliza unamfundisha nini.” Akarudi kwenye unga wake.

Haukupita mwezi. Siku moja mvua ilimkuta Sekela njiani, akafika amelowa, akaingia uani bila kuvua koti. Lugano alikuwa anakimbia na watoto wa jirani, akateleza, akaangukia kokoto, goti likachubuka. Akainuka analia. Akaja mbio kuelekea kwa mama yake, mikono juu, na Sekela akachuchumaa kumpokea. Hatua mbili kabla hajafika, mtoto akasimama. Akalitazama lile koti. Akageuza njia, akaenda kulilia kwenye magoti ya shangazi.

Sekela alibaki amechuchumaa vile vile kwenye matope, mikono imefunguka. Alivua koti upesi, lakini mtoto alikuwa ameshanyamazishwa.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngeacha, sivyo? Na yeye aliamua kuacha. Alisema ataacha baada ya mitihani.

Mitihani ikafika. Ule wa mwisho wa mwaka wa pili ulikuwa wa vitendo, na ulifanyika hospitalini. Wanafunzi walipangwa wannewanne, wanapita kitanda kwa kitanda na msahihishaji, wanaulizwa: huyu ana nini, umeonaje, utampa nini? Siku hiyo mkuu wa chuo mwenyewe alikuja kusimamia. Alikuwa mama mrefu, mkimya, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi, na wanafunzi walimwogopa kiasi kwamba akipita korido, hata wasio na kosa wanajikagua vifungo. Sekela hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo.

Alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa amezima simu, kama walivyoagizwa, na kuizima tu kulimfanya ajisikie kama ameacha mlango wa nyumba wazi. Vitanda viwili vya kwanza alijibu bila kutetereka. Msahihishaji aliandika kitu, akatabasamu kidogo.

Wakati huo huo kule mjini, gari la matangazo lilipita mtaani kwa shangazi, linapiga muziki, linatangaza chanjo ya watoto. Watoto wa mtaa mzima wakalifuata wakicheza. Shangazi alikuwa ameinama kugeuza maandazi kwenye karai. Aliinama dakika moja, labda mbili. Alipoinuka, Lugano hayupo. Aliita. Aliuliza jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Akaacha karai juu ya moto, akakimbia na mwiko mkononi, hajui amekimbilia upande gani. Alipiga simu ya Sekela mara saba. Imezimwa.

Mtoto alikuwa ameshavuka mitaa mitatu. Kwenye njia panda, bodaboda ilikwepa shimo, ikamgonga. Mwenye pikipiki alikuwa mtu mwema, hakukimbia. Alimbeba mtoto, damu imemfunika uso, akampeleka hospitalini. Hakuna aliyejua ni mtoto wa nani.

Basi Sekela na wenzake wanaongozwa kutoka kitanda cha pili kwenda cha tatu, mlango ukafunguka, muuguzi akaingia na mtoto mikononi, akamlaza kwenye meza ya kufungia vidonda. Msahihishaji akasema, “Simameni hapa pembeni kwanza, tuwapishe.” Wakasimama. Sekela aliona kwanza kiatu kimoja, cha plastiki, cha rangi ya zambarau. Kingine kilikuwa kimepotea barabarani.

Niwaambie alichohisi? Sitaweza. Mwenye mtoto ajiulize mwenyewe.

Mkuu wa chuo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Na ndani ya kichwa cha Sekela sauti ikasema: ngoja. Mtoto anatibiwa, wanajua kazi yao. Ni jeraha la paji la uso, linatoka damu nyingi lakini si la kina, wewe mwenyewe unaliona. Ngoja wamshone, mtihani uishe, utoke, uje umchukue kama dada yake. Nusu saa tu. Miaka miwili usiitupe kwa nusu saa.

Na akangoja. Wapendwa, alingoja! Alisimama kwenye mstari, mikono nyuma, kucha zinamwingia viganjani, na mwanawe anatetemeka juu ya ile meza.

Muuguzi alimfuta mtoto uso taratibu. “Unaitwa nani, mama?”

“Lugano.”

“Mama yako yuko wapi?”

Lugano akageuza kichwa. Akamwona Sekela. Midomo yake ikafunguka, kisha macho yakashuka kwenye koti, midomo ikafumba. Alikuwa anaucheza mchezo vizuri, kama alivyofundishwa.

“Haya, usiogope,” akasema muuguzi. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa kwenye trei ya dawa. “Kidonda kina uchafu wa barabarani. Vuta penisilini kabisa, tumchome kabla ya kushona.”

Hapo ndipo miguu ya Sekela ilipotoka kwenye mstari bila kumwomba ruhusa. Lugano alipokuwa na mwaka mmoja, kijijini, alichomwa sindano hiyo hiyo, na dakika tano baadaye uso ulivimba mpaka macho yakapotea, pumzi ikawa inapita kwa mluzi mwembamba. Aliponea chupuchupu. Yule muuguzi hakuwa na kosa, hapakuwa na ndugu wa kumwuliza. Katika hospitali nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua, naye alikuwa amesimama kwenye mstari wa wanafunzi.

“Msimchome!” akapiga kelele. “Hiyo dawa haipatani naye, itamuua!”

Wote wakageuka. Msahihishaji akasema, “Wewe mwanafunzi, umejuaje?”

“Mimi ni mama yake.”

Muuguzi alimtazama, akamtazama mtoto. Alikuwa mtu makini. Akainama, akamwuliza Lugano kwa upole, “Eti, mtoto mzuri, huyu ni mama yako?”

Lugano alimtazama Sekela. Akalitazama koti. Akatikisa kichwa.

“Hapana,” akasema. “Huyu dada.”

Dada! Mbele ya watu wote! Mtoto ana jeraha kichwani, ana hofu, anamtaka mama yake kuliko kitu chochote duniani, na bado anamkana, kwa sababu mama mwenyewe alimwambia ndivyo inavyotakiwa.

“Mwanafunzi,” akasema msahihishaji, “hapa si mahali pa kuchanganyikiwa. Rudi kwenye nafasi yako.” Na kule kwenye trei, sindano ilikuwa imeshajazwa.

Sekela akalishika lile koti. Hakufungua vifungo, alivuta, vifungo viwili vikaruka, kimoja kikagonga ndoo ya chuma. Akalivua, akaliacha lianguke sakafuni. Akasimama na blauzi yake ya kawaida, ile ya nyumbani, iliyofifia mabegani.

“Lugano,” akasema. “Lugano, sasa mimi ni nani?”

Na mtoto akapasuka kilio ambacho alikuwa amekibana tangu barabarani. “Mama! Mama, wameniumiza! Mama!” Akanyoosha mikono yote miwili, Sekela akamfuata palepale mezani, damu na machozi vikamlowesha kifua.

Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei. Alitafuta dawa nyingine. Jeraha likashonwa nyuzi sita, mama amemshika mtoto kichwa, na wala hakuna aliyemwambia arudi kwenye mstari.

Mtihani wake uliishia pale. Jioni ile, shangazi alipokuwa amefika na kumchukua mtoto, Sekela aliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Aliingia na koti limekunjwa mkononi, tayari kulirudisha. Alikuwa ameshapanga hata maneno ya kumwambia baba yake kijijini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa.” Mkuu wa chuo alikuwa na fomu mezani. Aliivaa miwani, akasoma, akaivua. “Uliandika hapana.”

“Ndiyo, mama. Nisamehe. Niliogopa mngenikataa.”

“Unajua kwa nini tunauliza swali hili?”

Sekela akatikisa kichwa.

“Nyuma ya maktaba kuna vyumba vinane vya wanafunzi wenye watoto wadogo, hatukuweka kibao ili wasichekwe. Na mama wa kuwalea wakati wa vipindi. Mwaka huu vimekaa watu watatu. Vitano nimevifunga kwa kufuli, kwa sababu kila mwaka nauliza, na kila mwaka wanaandika hapana.” Akaikunja ile fomu. “Miezi ishirini unapita mbele ya milango hiyo kwenda maktaba, mwanangu.”

Sekela aliliweka koti juu ya meza.

“Sasa nataka kujua jambo moja,” akasema yule mama. “Nimepekua kanuni zetu zote. Hakuna mahali tumeandika kwamba mwenye mtoto anafukuzwa. Walimu wangu hawajawahi kusema. Nani alikuambia?”

Wapendwa, hapa nawaomba tusikilize kwa makini. Nani alimwambia? Sekela aliwaza. Alitafuta mwalimu, hakumpata. Alitafuta mwanafunzi mwenzake, hakumpata. Kisha akakumbuka, akainamisha kichwa, na jibu lake lilikuwa neno moja.

“Kanisani.”

Maana tumbo lilipoanza kuonekana, kule kwao, alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Jumapili moja alikuta sare yake amepewa mwingine. Hakuna aliyemtukana. Walimwambia kwa upole kabisa, “Dada, kapumzike kwanza.” Akaenda benchi la nyuma. Mtoto alipozaliwa na kulia katikati ya ibada, mhudumu alimwonyesha mlango kwa kidole, kwa upole vile vile. Akajifunza. Alijifunza kwamba mbele ya watu wema unaingia bila mtoto, au huingii. Alipokutana na swali la kwenye fomu, alikuwa ameshalijibu zamani, akiwa kwenye mabenchi kama haya mliyokalia.

Mambo yaliishaje? Aliandika barua ya kueleza uongo wake, akapewa onyo, akarudia ule mtihani baada ya miezi mitatu na kufaulu. Alihamia na Lugano kwenye chumba kimojawapo nyuma ya maktaba. Siwadanganyi kwamba hofu iliisha siku hiyo. Mtoto alikaa karibu mwaka mzima kabla ya kumwita mama akiwa na koti. Kila asubuhi Sekela alikuwa analivaa mbele yake na kusema, “Bado ni mimi,” na kila asubuhi mtoto alikuwa anamtazama kwanza, anapima, kama mtu anayepima maji kwa kidole kabla ya kuoga. Vitu vingine tunavivunja kwa jioni moja na pakiti ya biskuti, na kuvijenga kunachukua miezi.

Haya. Sasa tuje kwetu.

Mngependa niseme Sekela alikosea kusema uongo. Alikosea, na amekiri, na ameadhibiwa. Yeye nimemalizana naye. Sasa nataka kusema na sisi. Sisi tuliopitisha hukumu ya upole, ya sauti ya chini, mpaka mama akaona ni heri mtoto wake amwite dada. Kwa nini watu wanatuficha maisha yao? Kwa nini dada zetu wakiingia humu wanajipangusa uso mlangoni? Kwa nini mtu anamwogopa Mungu ambaye ana chumba tayari, ameshakifagia, na anauliza swali lake ili apate kutoa? Ni kwa sababu kabla hajakutana na Mungu, alikutana na sisi. Na sisi ndio tuliomweleza Mungu yukoje.

Ninaogopa, wapendwa. Nawaambia kweli, naogopa kwa sababu sijui ni wangapi wametoka hapa wakiwa wamejifunza kukana walichopewa, na mimi nikiwa hapa mbele ninatangaza wimbo unaofuata.

Mwenye mzigo aliousukuma nje ya mlango leo ili aonekane msafi, namwambia: kauchukue, urudi nao ndani. Anayekuuliza anakuuliza kwa sababu anataka kukusaidia kubeba.

Na ninyi wengine, mnitazame. Mimi si wa kuwaambia nendeni mkaombe tu. Kuna mabinti watatu wa usharika huu wana mitihani wiki hii, na wana watoto. Sitawataja, lakini mnawajua, kwa sababu mnawasema. Jumatano saa mbili asubuhi mmoja wao anaingia mtihani, na mpaka jana usiku alikuwa hajui mtoto atamwacha wapi.

Ninashuka sasa hivi. Nitasimama pale mlangoni, na wala sitatoa baraka ya kufunga mpaka mtu mmoja aje aniambie, Mchungaji, Jumatano mimi nipo nyumbani.